Mkaratusi wa Nyuzi Arobaini

Mwalimu Hilda alipoandika neno "pembe" ubaoni, alidhani amewarahisishia watoto maisha. Wiki nzima alikuwa amewafundisha kwa Kiingereza kama mtaala unavyotaka, na wiki nzima Kidato cha Pili cha Sekondari ya Mahonje kilikuwa kimemtazama kama watu wanavyoitazama ndege ikipita juu ya mashamba yao: kitu kizuri, kinakwenda mbali, hakiwahusu.

"Haya, leo tuongee lugha yetu," alisema. "Nani ataniambia pembe ni nini?"

Mikono ikainuka darasa zima, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Alimchagua Charles, mtoto wa wafugaji, kwa sababu alikuwa amesimama kabisa.

"Madam, ni ile ya ng'ombe. Wetu dume anazo mbili, ila moja imevunjika."

Darasa likacheka, na Hilda naye akacheka, maana angefanya nini? Akachora mistari miwili inayokutana mahali pamoja. Akawaeleza kwamba ule uwazi kati ya mistari ndio pembe anayoisema yeye, nayo hupimwa kwa nyuzi. Hapo Lea, msichana wa dawati la mbele asiyependa kitu kimpite, akataka kujua kama ni nyuzi za kushonea au za kusukia.

"Nyuzi za kupimia, Lea. Uwazi mdogo una nyuzi chache, uwazi mkubwa una nyuzi nyingi. Kona ya daftari lako ina nyuzi tisini."

Lea aliigeuza kona ya daftari lake huku na huku, akaikwangua kwa kucha, akaiacha. Kisha akauliza swali ambalo Hilda alikuwa analiogopa tangu apangiwe kazi katika shule hii ya upande wa Haneti. "Madam, na hii itatusaidia nini?"

Hilda aliipenda trigonometria kama wengine wanavyopenda mpira. Chuoni Dodoma wenzake walipokuwa wakikesha kwenye sherehe, yeye alikuwa akitafuta urefu wa minara kwa raha zake. Lakini kwa Lea alitafuta mfano wa karibu zaidi. Alisema kitu kuhusu marubani na wahandisi wa madaraja. Mahonje hapakuwa na daraja wala mto wa kulihitaji. Kengele ilipolia alishukuru.

Jumapili iliyofuata jibu lenyewe lilianguka kutoka juu.

Mchungaji Nathanaeli alikuwa anahubiri habari za siku ya mwisho. Alikuwa ameinua mkono, ameshusha sauti, na kanisa zima limenyamaza kungoja neno litakalofuata, ndipo tawi kavu la mkaratusi lilipoanguka juu ya bati. Mlio wake ulikuwa kama lori la kokoto limemwagwa juu ya paa. Kwaya ilitorokea dirishani na majoho yake. Akina mama walibaki wamepiga magoti wakiomba kwa sauti zote kwa pamoja. Mzee Elisante, mzee wa kanisa, ambaye alikuwa amesinzia tangu matangazo, alisimama wima akaitikia, "Amina!"

Vumbi lilipotulia watu walitoka nje wakautazama mti. Ulikuwa mkaratusi mrefu uliopandwa zamani za wamisionari, nao ulikuwa umekauka kuanzia shina hadi kileleni. Sasa ilikuwa Septemba, upepo wa Dodoma umeanza kazi yake, na kila siku mti ulikuwa ukitoa milio kama mlango usiotiwa mafuta. Jumapili ijayo Askofu alikuwa anakuja kwa kipaimara. Wote walikubaliana kwamba haiwezekani tawi jingine lidondoke wakati Askofu amesimama madhabahuni.

"Ukatwe," alisema Mchungaji. "Lakini uangukie wapi?"

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Mashariki mwa mti lilikuwa kanisa lenyewe. Magharibi ilikuwa nyumba ya Mchungaji, mkewe akiwa amesimama barazani amekunja mikono. Kusini zilipita nyaya za umeme. Upande wa kaskazini ulikuwa wazi, isipokuwa mwisho wake kilisimama choo.

Choo hicho hakikuwa choo cha kawaida. Askofu alipokuja mara ya mwisho, alihubiri vizuri, akabariki watoto, kisha ghafla akaaga kabla ya chakula na gari lake likaondoka kwa kasi kuelekea Haneti. Kila mtu alijua sababu, na hakuna aliyeisema. Akina mama wa kanisa, wakiongozwa na Mama Paulina, walirudi na wali wao na kuku wao wamejaa aibu, wakaapa kwamba jambo hilo halitatokea tena. Wakajenga. Choo kilikuwa na vigae vyeupe hadi kifuani, sinki la kukalia, kioo, na tangi dogo la maji juu ya paa. Kilikuwa kimekamilika tangu Juni na hakijatumiwa na mtu. Ufunguo aliutunza Mzee Elisante, ameuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Mchungaji mwenyewe aliwahi kuuomba siku moja akiwa na hali mbaya, na Mzee Elisante akamjibu kwa upole kwamba kitafunguliwa na Askofu.

Aliitwa Gerson, mpasua mbao mwenye msumeno wa injini. Aliuzunguka mti, akaugonga kwa nyuma ya shoka, akatikisa kichwa.

"Umeoza ndani. Siupandi, na wala msinitafutie mtu wa kuupanda. Mimi nitaulaza kaskazini kama mnavyotaka, tena nitaulaza pale pale mtakaponionyesha. Ila kama kilele kitafika chooni au hakifiki, hilo sijui. Mimi nakata. Sipimi."

"Utafika," alisema Mama Paulina.

"Haufiki," alisema Mchungaji.

"Utafika, Mchungaji. Tazama ulivyo mrefu."

Wakabishana hivyo, kila mtu akiinamisha kichwa upande wake, mpaka Hilda aliyekuwa amesimama nyuma na akina dada wa kwaya akajikuta ameinua mkono kama mwanafunzi.

"Samahani. Unaweza kupimwa."

"Utapimwaje na fundi amesema haupandiki?" aliuliza Mzee Elisante.

"Kwa pembe, baba. Nikisimama mbali kidogo na mti, nikajua nimesimama umbali gani, halafu nikatazama kileleni na kupima pembe ya kichwa changu kinavyoinuka, nitaujua urefu wake bila kuugusa."

Mzee Elisante alikuwa amefanya kazi ya kuogesha ng'ombe katika majosho ya serikali hadi alipostaafu, na kwa pembe alikuwa na uzoefu wa aina moja tu, kovu lake likiwa pajani. Alimtazama Hilda kwa muda. "Haya," alisema. "Mimi nitakuwepo nione."

Jumatatu Hilda aliwatoa Kidato cha Pili wote hadi uwanja wa kanisa. Walikuwa wametengeneza vipimo vyao wenyewe darasani: kipimapembe cha plastiki, bomba la kalamu lililogandishwa ukingoni mwake kwa gundi, na uzi unaoning'inia katikati ukiwa na kokoto mwishoni. Unachungulia kilele kupitia bomba, mwenzako anasoma uzi umekaa kwenye namba gani, unaitoa namba hiyo kwenye tisini. Basi.

Ila haikuwa basi. Upepo ulikuwa ukizipeperusha kokoto. Charles alisahau kutoa kwenye tisini, akapata mti mrefu kuliko mnara wowote wa simu wilayani. Kundi la nyuma lilichungulia kilele cha mti mwingine. Lea alipata mti wenye urefu wa mita sita, akautazama mkaratusi, akaitazama karatasi yake, akasema kwa uthabiti, "Madam, labda sehemu nyingine haihesabiki."

Hilda aliwatuliza, akachukua kipimo chake mwenyewe. Walikuwa wamevuta futikamba kutoka shinani hadi mita ishirini kamili. Akasimama hapo, akangoja upepo ushushe pumzi, akachungulia, na uzi ukakaa kwenye hamsini. Mzee Elisante alikuwa amesimama begani kwake kama askari.

"Njoo uone mwenyewe, baba," alisema Hilda.

Mzee aliinama, akafumba jicho moja, akaanza kutafuta. Alilipitisha bomba kwenye nyumba ya Mchungaji, kwenye mbuzi, kwenye mawingu. Kisha akatulia. Mdomo ukamfunguka.

"Nimeuona! Kilele kimo humu ndani ya kalamu!"

"Usitikisike. Lea, soma uzi."

"Hamsini, Madam, kama yako."

"Tisini toa hamsini?"

"Arobaini!" liliitika darasa zima. Kwa mara ya kwanza tangu awafundishe, Hilda alisikia furaha katika jibu la hesabu.

"Nyuzi arobaini," alisema Mzee Elisante polepole. Aliutazama uzi mmoja uliokuwa ukining'inia, akataka kuuliza jambo, akaamua kuamini. Hilda alifungua kitabu cha majedwali, akamwonyesha mahali pa tanjenti ya arobaini, akazidisha kwa ishirini juu ya ganda la boksi. Mita kumi na sita na sentimita themanini. Kisha wakavuta futikamba kutoka shinani kuelekea chooni. Hadi ukutani ni mita kumi na saba na sentimita thelathini.

"Inabaki nusu mita," alisema Hilda.

Gerson, ambaye alikuwa amekaa kivulini akinoa meno ya msumeno, aliinua kichwa. "Nusu mita kwa mti ni kidogo, mwalimu."

"Kwa hesabu ni kubwa sana," alijibu Hilda, na baadaye alitamani sana kwamba sentensi hiyo ingekuwa imetamkwa na mtu mwingine. Akachukua chokaa akachora mstari mweupe chini, hatua ndogo kutoka mlangoni mwa choo. "Kilele kitalala hapa."

Kuanzia siku hiyo Mzee Elisante akawa mtu mwingine. Alikwenda sokoni, mashineni na kwenye kilabu cha togwa akieleza habari za kalamu yenye mti ndani. Mama Paulina alipokuja kulalamika kwamba vigae vyake viko hatarini, alimjibu kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuvuka mto. "Dada, acha wasiwasi. Mti umepimwa. Una nyuzi arobaini." Alipoulizwa nyuzi arobaini maana yake nini, alisema jambo hilo haliwezi kuelezwa kwa mtu ambaye hajachungulia.

Hilda alisikia hayo yote na moyo wake ukavimba kwa raha. Watoto walikuwa wanapima kila kitu: nguzo za umeme, dari, mwalimu wa zamu. Lea hakuuliza tena itawasaidia nini.

Jumamosi asubuhi kijiji kizima kilikuja kutazama. Akina mama walikuwa wametoka kupika, wanafunzi wamevaa sare ingawa hawakuambiwa. Gerson alifunga kamba, akachonga mdomo wa mti upande wa kaskazini, akawasukuma watu wote nyuma ya kanisa. Mchungaji aliomba sala fupi. Mtu akauliza Mzee Elisante yuko wapi, mwingine akasema amekwenda kumfuata mbuzi wa kitoweo cha Askofu. Hakuna aliyewaza zaidi.

Msumeno ulinguruma. Vumbi la mbao likaruka. Mkaratusi ulitetemeka, ukalia mlio mrefu, kisha ukaanza kulala taratibu, kwa adabu, kuelekea hasa pale ulipoelekezwa. Hilda, akichungulia kwenye kona ya kanisa, alikuwa ameukazia macho mstari wa chokaa. Alikuwa ameanza kutabasamu.

Kilele kikaupita mstari. Kikaupita kwa zaidi ya mita nzima.

Matawi ya mwisho yalipiga choo kofi moja kubwa. Bati lilikunjika kama jani la mgomba, bomba la tangi likang'oka, na maji yote yaliyowekwa kwa ajili ya Askofu yakamwagika ndani kwa kishindo. Kisha, kutoka ndani ya choo, sauti ya mtu.

"Jamani!"

Kijiji kizima kiliganda.

"Kuna mtu!" alipiga kelele Mchungaji. "Fundi, vunja mlango!"

"Msivunje mlango!" ilijibu sauti, imejaa maji. "Mlango wa Askofu huo! Ondoeni matawi tu. Na msifanye haraka. Nipeni nafasi kidogo."

Miguu ya Hilda ilikuwa imekwisha kukimbia kabla akili yake haijaambiwa. Alikuwa wa kwanza kufika, akaanza kuvuta matawi kwa mikono, magome yakimchana, akisema, "Mungu wangu, Mungu wangu," bila kujua anasema. Gerson na vijana walikuja wakakata na kuburuta. Ndani zilisikika shughuli za mtu anayefunga mkanda. Mwishowe ufunguo ulizunguka kwa ndani, mlango ukafunguka, na Mzee Elisante akatoka.

Alikuwa mzima. Hakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Alikuwa amelowa kuanzia kofia hadi viatu, na majani makavu yamemganda mabegani. Aliutazama umati, na umati ukamtazama.

"Mbukwenyi," alisalimia kwa Kigogo.

Mama Paulina alisogea mbele.

"Mzee Elisante. Wewe ulisema ufunguo ni wa Askofu."

"Nilikuwa nakagua."

"Unakagua nini?"

"Kama kinafanya kazi."

"Unakagua umekaa?"

Mtu mmoja nyuma alitoa sauti kama ya chupa inayofunguliwa, na hapo hapo mkusanyiko wote ukaangua kicheko. Watu walishikana mabega. Mke wa Mchungaji aliketi chini kabisa. Mchungaji aligeuka akatazama ukuta wa kanisa kwa muda mrefu, mabega yakimcheza, pengine akikumbuka siku aliyonyimwa ufunguo. Mzee Elisante alisimama katikati yao akidondoka maji, kisha akatembea kwenda zake nyumbani kwa hadhi yote iliyowezekana kwa mtu ambaye viatu vyake vinatoa sauti ya chura.

Hilda hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya shina. Alichukua futikamba akapima mti uliolala, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Mita kumi na nane na sentimita arobaini. Watoto walikuja wakamzunguka. Aliandika hesabu upya mavumbini kwa kijiti. Arobaini ilikuwa sahihi. Ishirini ilikuwa sahihi. Tanjenti ilikuwa sahihi. Akachukua kipimo chake, akakiweka jichoni kama alivyofanya Jumatatu, akabaki hivyo akiutazama upande ambao mti haupo tena. Kisha akakishusha polepole.

"Macho!" alisema.

"Pole, Madam," alisema Lea, akakimbia kuleta maji, akidhani ni vumbi.

"Hapana. Macho yangu. Njooni mwone." Alisimama. "Pembe niliipima kutoka wapi?"

"Kutoka kwenye jicho, Madam," alisema Charles.

"Na jicho langu liko chini?"

Walimtazama kuanzia viatu hadi kichwani. Hilda alikuwa mrefu. Hilo lilisemwa mtaani mara nyingi. Charles alichukua futikamba bila kuambiwa, akaikanyaga mwanzo wake, akaivuta hadi kwenye jicho la mwalimu. Mita moja na sentimita sitini.

"Kumi na sita na themanini," alisema Lea, ameshika kikombe cha maji, "jumlisha moja na sitini..." Macho yake yakaenda kwenye mti. Hakuna aliyehitaji kumalizia.

"Nilipima kutoka jichoni kwenda juu," alisema Hilda. "Hapa chini nikapasahau. Andikeni hilo vizuri. Andikeni kwamba mwalimu wenu alikosea, na alikosea hapo."

Wakaandika, wengine viganjani maana hawakuwa na karatasi.

Mchana alikwenda nyumbani kwa Mzee Elisante. Alimkuta amekaa uani amejifunga kitenge cha mkewe, nguo zake zikiwa kambani. Ufunguo bado ulikuwa shingoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hilda hakukaa. "Nimekuja kuomba radhi. Ningekuua."

"Hukuniua."

"Kwa nini uliingia mle, baba? Ulijua mti unakatwa. Msumeno uliusikia."

Mzee alionekana kushangazwa na swali. "Nilijua watu wote watakuwa nyuma ya kanisa, hakuna wa kuniona. Tumbo lilikuwa linanisumbua tangu juzi. Na mti haukuwa na shida." Aliinua mikono. "Wewe ulisema haufiki. Mimi mwenyewe nilichungulia. Nyuzi arobaini. Nilikaa pale nasikia mti unalia, wala sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Katika kijiji hiki chote, mwanangu, mtu aliyeiamini hesabu yako alikuwa mimi."

Hapo Hilda alikaa. Alifunika uso kwa mikono, na kwa muda mzee hakujua kama analia au anacheka, na yeye mwenyewe Hilda hakujua pia. Alipopata sauti alimweleza kosa. Alichora mti mavumbini, akachora mtu, akachora mstari kutoka jichoni kwenda kileleni na mwingine uliolala kutoka jichoni kwenda shinani. Mzee alifuatilia kwa kidole.

"Kwa hiyo ulipima kuanzia hapa kwenda juu."

"Ndiyo, baba."

"Na hapa chini ukapaacha."

"Nikapaacha."

Mzee Elisante alikitazama kile kipande kifupi cha chini kwa makini sana. "Na mimi ndiko nilikokuwa nimekaa," alisema.

Wakacheka wote wawili mpaka mkewe akatoka jikoni kuuliza kuna nini, na wakashindwa kumweleza.

Jioni ile watu waliokuwa na mikono walifanya walichoweza. Gerson alilinyoosha bati kwa nyundo juu ya jiwe. Liligoma kurudi kama lilivyokuwa. Kona moja ilibaki imeinuka, na kati yake na ukuta palikuwa na uwazi mpana ambao Charles aliupima bila kuombwa na kutangaza kuwa ni nyuzi ishirini na tano. Mama Paulina alisema anachojua ni kwamba ni aibu. Alitundika pazia, akasugua mlango, akajaza ndoo za maji kwa kuwa tangi halikuwa na bomba. Kisha akaenda kwa Mzee Elisante akanyoosha kiganja, na mzee akauvua ufunguo shingoni akampa.

Askofu alikuja Jumapili saa nne. Kipaimara kilikwenda vizuri, bati la kanisa likiwa kimya juu yao. Baada ya ibada, kabla ya chakula, Mama Paulina alimsogelea, akapiga goti, akamkabidhi ufunguo kwa mikono miwili. Hakuwa na haja ya kueleza. Askofu alitazama ule ufunguo, akamtazama Mama Paulina, na uso wake ukalainika kwa shukrani ya miaka mingi.

Aliingia. Watu walijifanya wanazungumza. Dakika zilipita. Mchungaji aliangalia saa, akaangalia mawingu. Hilda alikuwa amesimama kando ya Mzee Elisante, wote wawili wakikitazama kile kipande cha bati kilichoinuka.

Mlango ukafunguka, Askofu akatoka akikausha mikono kwa leso.

"Mama Paulina," alisema, "nimezunguka dayosisi nzima. Vyoo vyote nilivyoingia ni giza na joto, mtu anakaa kama yuko ndani ya chungu. Hiki chenu kina mwanga mzuri, kinapitisha upepo, na mtu akiinua macho anaona anga. Nani amewatolea wazo la kuliinua paa vile upande mmoja?"

Mama Paulina alifungua mdomo. Alimtazama Gerson, akamtazama Mchungaji, akamtazama Hilda. Alikuwa mwanamke mwenye hasira za karibu lakini alijua thamani ya sifa.

"Ni mwalimu wetu wa hesabu, Baba Askofu. Amelipima kwa pembe."

"Mwalimu yupi?"

Watu wakapisha. Hilda alisogea mbele na uso umewaka. Askofu alimshika mkono, akamwuliza kama anaweza kufika Haneti mwezi ujao, maana huko pia wanataka kujenga, amchoree fundi namna ya kulilaza bati. Hilda alisema ndiyo, Baba Askofu, kwa sauti ambayo hakuitambua. Nyuma yake Mzee Elisante alikuwa ameanza kukohoa, kikohozi cha mtu aliyepaliwa, na Lea akampigapiga mgongoni akimwambia pole, babu, pole, huku na yeye ameziba mdomo kwa mkono mwingine.